Mpaka wa kusimama uwekwe kabla ya kidonge cha kwanza

Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa voxelotor katika masoko yote duniani. Marekani ilikuwa imeiruhusu dawa hiyo ya selimundu mwaka 2019, kwa jaribio la wagonjwa 274 na kipimo kimoja kikuu: himoglobini ilipanda. Iwapo maumivu ya mgonjwa yatapungua au ataishi zaidi, swali hilo liliachiwa majaribio ya baadaye.

Majaribio hayo yakaja kwetu Afrika. Katika moja, lililohusisha watoto wa Kenya, Nigeria, Ghana, Oman na kwingineko, walikufa wanane waliotumia dawa hiyo na wawili waliopewa kidonge kitupu. Jingine la Kenya, Nigeria na Brazil lilikuwa na vifo vinane.

Ulaya na Marekani, selimundu ni ugonjwa adimu. Tanzania huzaliwa nao watoto wapatao 11,000 kila mwaka, hivyo watafiti watazidi kubisha hodi hapa. Waje. Lakini wagonjwa wa jaribio wakiwa wachache, bahati ya watu watano huweza kuonekana kama tiba, na madhara yakaonekana kama bahati mbaya. Kungoja maelfu ya wagonjwa nako, kwa magonjwa ambayo kweli ni adimu, ni kuwanyima dawa milele. Kinachobaki ni kukubaliana mapema: takwimu zitafunguliwa lini, nafuu kiasi gani inatosha kuendelea, madhara mangapi yanasimamisha kazi.

Mbeya inalijua hili. Mwaka 2013 na 2014 kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilishiriki jaribio la kifua kikuu lenye wagonjwa 365, Tanzania na Afrika Kusini. Tathmini ya katikati ilipoonyesha makundi mawili hayakufikia kiwango kilichowekwa, yalifungiwa wagonjwa wapya. Mwaka 2023, jaribio la chanjo za VVU la PrEPVacc, ambalo Mbeya pia ilishiriki, lilisitisha chanjo kwa ushauri wa kamati huru. Hakuna aliyeaibika.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na NIMR zisiidhinishe jaribio lolote la awali ambalo kanuni zake za kusimama hazijatangazwa kwa umma, kwa Kiswahili, ndani ya fomu ya ridhaa. Kila mwaka wa kusitasita unalipwa na watoto. Na mzazi wa Uyole, hapa Mbeya, atakayeletewa fomu hiyo asitie sahihi kabla ya kujibiwa: mtasimama lini, na nani atawaamuru?