Msambweni Ni Chuo Tayari, Sema Tu Wanaohitimu Hawabaki

Kama umekulia Ukunda ama Msambweni, hii unaijua. Unaamka mwili wote unauma, kichwa kinapasuka, hata kugeuza macho ni kazi. Unaenda kupimwa, majibu yanarudi hakuna malaria, na bado unatoka na dawa za malaria mkononi. "Tumia tu, saa zingine haionekani." Umeambiwa hivyo mara ngapi?

Mwaka jana ilikuwa zamu ya shangazi yangu. Dozi ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, wapi. Akapitia kemisti hapo stejini, akaongezewa diclofenac ya maumivu, na kesho yake fizi zikaanza kutoka damu. Tukachanga, tukavuka feri. Huko Mombasa daktari alimkalisha akamuuliza maswali karibu dakika ishirini kabla hata ya kumgusa: homa ilianza siku gani, nyumbani maji mnaweka wapi, jirani nani mwingine anaugua. Akaagiza kipimo kingine. Dengue.

Sikiza hapa vizuri. Dawa ya malaria haifanyi chochote kwa dengue, na diclofenac, ibuprofen au aspirini zinaweza kumzidishia mgonjwa kutokwa damu. Anahitaji paracetamol, vinywaji vingi, na mtu wa kumuangalia kwa karibu, hasa homa inaposhuka, manake hapo ndipo wengine huzidiwa. Ukisahau mengine yote niliyoandika leo, hilo usisahau.

Yale maswali ya dakika ishirini yana fani yake. Inaitwa ubingwa wa magonjwa ya kuambukiza, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinaufundisha kwa njia ya feloshipu, darasa kubwa likiwa wodi za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kufika huko si mchezo. Miaka sita ya digrii, mmoja wa unagenzi, mitatu au zaidi ya uzamili, ndipo uombe feloshipu. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, naiona safari hiyo kama kupanda Kilimanjaro na ndara.

Sasa kinachonichoma ni hiki. Msambweni imekuwa ikifundisha madaktari wa fani hiyo hiyo kabla mimi sijazaliwa. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Case Western Reserve, chuo cha Ohio kule Marekani, wamekuwa hapa pamoja na wizara yetu ya afya wakichunguza kichocho. Watoto wa Milalani na Nganja wanaombwa mkojo kwenye vikopo, kama vile wazazi wao walivyoombwa. Desiree LaBeaud, daktari wa maambukizi ya watoto ambaye sasa ni profesa Stanford, amejenga sehemu kubwa ya kazi yake kwa homa za watoto wa Ukunda na Msambweni. Kundi lake ndilo lililoonyesha jinsi dengue na chikungunya zinavyozunguka huku bila hospitali kuzitambua. Juzi tu, 2025, utafiti ulioongozwa na ISGlobal ya Barcelona pamoja na KEMRI-Wellcome ulitoa matokeo ya ivermectin hapa hapa Kwale: maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26.

Siwalaumu hao watu, na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Bila wao tungekuwa bado tunabishana kama dengue iko. Na kuna Wakenya waliokulia kisayansi ndani ya kazi hizo na wakabaki Pwani. Francis Mutuku wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa ni mmoja. Lakini Mutuku ni mtu wa mbu na mazingira. Nani anakaa kwenye wodi?

Ninachotaka si kikubwa. Daktari anayesomea ubingwa huu Nairobi aletwe Msambweni miezi sita, iwe sharti la kuhitimu. Darasa liko: malaria, dengue, kichocho, matende, TB, Ukimwi, yote ndani ya hospitali moja ya rufaa ambayo tayari imezoea kukaa na maabara ya utafiti. Na kaunti ilipie daktari mmoja, mmoja tu, mwenyeji wa huku, asome hadi mwisho kwa mkataba wa kurudi na kazi inayomsubiri.

Najua utakachosema. "Paracetamol yenyewe hakuna, wewe unaleta mabingwa?" Ni kweli, na inauma. Ni kweli pia kwamba 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya vita ilikuwa malipo ya wanagenzi, serikali ikitaka kuwapa shilingi 70,000 badala ya 206,000 za mkataba wa 2017. Mtu akipigwa hivyo ngazi ya chini kabisa, atapanda kweli hadi juu? Lakini bingwa mmoja kazi yake si kukaa ofisini na kungoja wagonjwa wa ajabu. Anawafundisha matabibu wa Diani, Kinango na Lunga Lunga yale maswali. Anasema lini uache kugawa dawa za malaria kama njugu, na hapo hata hizo dawa chache zinatosha zaidi. Mlipuko ukianza, kama dengue ya Mombasa 2013 au chikungunya iliyoanza mwisho wa 2017, anaujua wiki ya kwanza, si baada ya nusu ya mtaa kulala chini.

Shangazi alipona. Siku hizi anazunguka ua kila jioni akipindua vifuu vya nazi visishike maji, na anatugombeza kuhusu mapipa. Kikao cha wananchi cha bajeti kikija wadi yetu ameniambia twende wote. Yeye atauliza kuhusu kipimo cha dengue. Mimi nitauliza kuhusu daktari. Na wewe, wadi yenu mwakilishi wenu ameshaulizwa nini?