Kabla hujalipia jukwaa la vifaa vyako, uliza swichi iko kwa nani

Wapambanaji wenzangu, leo siongelei katiba. Najua kuna watakaofunga ukurasa hapahapa, ila vumilieni kidogo, tutafika kulekule kwa njia ya samaki.

Mama yangu mdogo anauza sato Mwanza. Ana mafriza manne makubwa. Katikati ya 2025 alikuja kijana nadhifu akamuuzia kadude kenye laini ya simu ndani. Kanapima joto la friza, kanatuma namba kwenye seva iliyo ng'ambo huko, na joto likipanda simu ya mama inapiga kelele. Hiyo ndiyo wanaita intaneti ya vitu. Na ile seva pamoja na programu yake, inayopokea namba na kuamua nani aamshwe, ndiyo jukwaa. Alilipia kifaa, akawa analipia jukwaa kila mwezi. Nisiseme uongo, ilifanya kazi. Mara mbili ilimwamsha usiku, akakuta mlinzi kachomoa waya wa friza achaji simu yake.

Ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ikazimwa nchi nzima, na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Mnakumbuka, sina haja ya kusimulia. Usiku wa pili umeme ukakatika kule kwenye mafriza. Jenereta lipo, ila haliwaki lenyewe, na hali ya mtaani haikuwa ya kutoka kwenda kuchungulia. Kifaa kilipima vizuri tu. Kilijua samaki wanaharibika, kikakosa pa kusemea. Mama alitegemea simu ilie, na simu haikulia.

Tulipoongea baadaye hakulalamika sana. Aliniuliza tu: "Wewe si unasoma sheria? Sasa namshtaki nani?"

Nikauomba mkataba. Ulikuwa ndani ya simu, Kiingereza kitupu, ule wa kubonyeza "nakubali" ili usonge mbele. Nikausoma wote, nadhani mimi ni mtu wa kwanza kufanya hivyo. Kukatika kwa mtandao: hawahusiki. Hasara ya bidhaa: hawahusiki. Ukitaka kudai, mahakama ya nchi nyingine. Takwimu zako wanaweza kuwapa "washirika" ambao hawatajwi. Nilimjibu ukweli, mama mdogo, hapa hatuna kesi.

Ndiyo maana naandika. Wengi wenu mna biashara au mnapanga kufungua, na hawa wauzaji wanakuja. Wataonyesha grafu zenye rangi na bei ya mwezi. Mimi nasema swali la kwanza kwa nchi zetu ni hili: intaneti ikizimwa, hiki kitu kinafanya nini? Hili si jambo la kushtukiza. Uganda walizimiwa Januari 2021, wakati wa uchaguzi pia. Jukwaa la maana linafanya kazi na kifaa kinachohifadhi vipimo kwenye kumbukumbu yake na kuvituma mtandao ukirudi, na kinachoweza kuamua jambo palepale: kupiga king'ora, kuwasha taa nyekundu, kutuma SMS, ambayo haihitaji bando. King'ora ni bei ndogo sana ukilinganisha na friza moja la sato. Kama kila uamuzi lazima uende ng'ambo na kurudi, basi biashara yako ina swichi, na swichi hiyo hukuishika wewe.

Kwa wenye bajaji na bodaboda, swichi ni swichi kweli. Vile vifaa vya kufuatilia chombo vingi vinaweza kuzima injini kwa mbali. Raha, mwizi akikimbia nayo unaizima. Lakini nani mwingine ana uwezo huo? Mfanyakazi gani wa kampuni? Kumbukumbu za aliyebonyeza zinatunzwa wapi? Na njia anazopita dereva wako, saa anayolala na nyumba anayolala, hizo ni taarifa binafsi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini yake wewe mwenye chombo ni mkusanyaji, mwenye jukwaa ni mchakataji, na mna wajibu wote wawili, pamoja na kujisajili kwenye Tume. Dereva ana haki ya kuambiwa. Sisi tunaopiga kelele kila siku kuhusu kufuatiliwa, tukianza kuwafuatilia vijana wetu kimyakimya tutakuwa na uso gani?

Rafiki yangu wa kompyuta aliniambia dawa ni kununua kwa kampuni kubwa, hazifi. Kweli? Google walikuwa na jukwaa lao la vifaa, IoT Core. Agosti 2022 wakatangaza kulifunga, na tarehe 16 Agosti 2023 likafungwa. Angalau walitoa mwaka mmoja wa kuhama. Wateja wa Revolv, kile kifaa cha nyumbani cha Marekani kilichouzwa takriban dola 300, huduma ilizimwa Mei 2016 na kifaa kikabaki pambo la kabati.

Kwa hiyo uliza pia mlango wa kutokea. Je, vipimo vyangu vya mwaka mzima naweza kuvipakua kwenye faili la kawaida? Kifaa kinaongea MQTT? Hiyo ni lugha ya wazi ya vifaa, imekuwepo tangu 1999, iliundwa kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakituma vipimo kwa setilaiti yenye mawasiliano hafifu, hali ambayo sisi tunaijua. Kifaa kinachoongea lugha hiyo, na kinachokuruhusu kubadilisha anwani ya seva, unaweza kukihamishia jukwaa jingine. Kisichofanya hivyo umeozeshwa nacho. Na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ileile, jamani.

Mama mdogo amemwandikia yule muuzaji akitaka kipengele kimoja kuhusu mtandao kukatika. Nilimsaidia kukiandika, kwa Kiswahili. Hajajibiwa mpaka leo, na ada ya mwezi amesimamisha. King'ora tumefunga wenyewe. Juzi kililia saa nane usiku, majirani wakatoka na mapanga. Alikuwa mlinzi, na chaji yake.