Usahali wa Lugha za Soko la Hisa

Toleo hili lahusu lugha ambazo wachuuzi wa hisa huzitumia kuiamuru kompyuta inunue au iuze kwa niaba yao, na yanipasa nikiri kwamba sisi wahariri tulibishana siku nyingi juu ya neno moja tu: usahali.

Ndugu wawili, William na Rafael Cruz, walioasisi kampuni ya Omega Research huko Florida mwaka 1982, waliiita lugha yao EasyLanguage, yaani lugha sahali, wala hawakujigamba bure, kwani mtu asiyepata kusomea uhandisi aliweza kuandika kama asemavyo: bei ya kufunga ikivuka juu ya wastani wa siku 20, nunua katika mshumaa ujao kwa bei ya soko. Hata vile vineno vya Kiingereza ambavyo kazi yake ni kuupamba usemi, lugha hii huvipokea kwa adabu, kisha ikavipuuza. Arthur Whitney alishika njia nyingine kabisa. Katika lugha yake ya K wastani wa bei huandikwa kwa alama 10, na asiyeijua hudhani mende ametoka winoni akatambaa karatasini.

Aghalabu watu huamua papo hapo ni lugha ipi kati ya hizi mbili iliyo sahali. Mimi nasita, maadamu usahali wa kusoma si usahali wa kufahamu. Mshumaa mmoja, yaani ile alama ya chati inayofupisha mwendo wa bei wa kipindi kimoja, una bei nne, ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, lakini haukuambii kama ya juu ilitangulia ya chini. Aliyenunua kwa dola 100, akaweka agizo la kukata hasara kwenye 98 na la kuchukua faida kwenye 103, na siku hiyo bei ikazigusa zote mbili, amepata au amekula hasara? Programu inayopima amri kama hizi kwa mishumaa ya siku hubahatisha, na sentensi ile tamu haimtanabahishi mwandishi wake hata kidogo.

Ndiyo maana nayasifu zaidi maneno mawili, "mshumaa ujao", kuliko fasaha yote iliyobaki, kwa sababu humlazimu mtu akiri kwamba bei ya kufunga haijulikani mpaka soko lifungwe. Basi usomapo makala zinazofuata, tafadhali weka kando yako chati ya siku moja, na kila amri uiulize: ulijua nini, na saa ngapi?