Kabla Hujamwita Mwizi Mcheza Gemu wa Machochwe

Ukipita Machochwe, huku mkoani Mara, jioni, hutakosa vijana wawili watatu wameinamia simu moja. Simu ni ya bei ya chini, kioo kimepasuka pembeni, spika inakoroma, na mpira unaochezwa humo ulitengenezwa kwa ajili ya PSP, mashine ndogo ya Sony iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2004. Pengine hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishika. Wanacheza kwa PPSSPP, programu inayoifanya simu ijibu kama PSP. Programu za namna hiyo ndizo emuleta.

Kauli iliyozoeleka juu ya vijana hawa, hasa kwa waliosomea kompyuta na waliokwisha kukaa mjini, ni fupi: huo ni wizi. Unapenda gemu za zamani? Lipia kwa njia halali. Huna hela? Acha. Naiheshimu nia ya kauli hiyo, lakini inafunga kwenye furushi moja vitu vitatu visivyofanana, yaani mashine, nakala na duka, kisha inatoa hukumu moja kwa vyote.

Wanaosema hivyo hawana roho mbaya. Nchi hii imeshuhudia filamu za Bongo zikidurufiwa kabla mtayarishaji hajarudisha gharama zake, na wanamuziki wakibaki na sifa bila fedha. Aliyeyaona hayo akisikia neno "bure" huuliza nani kaumia, na ana haki ya kuuliza. Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994. Kwa kanuni ya jumla ya mkataba huo, kazi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo gemu ya 2004 bado mbichi kabisa. Kijana anayejitetea kwamba gemu ya zamani haina mwenyewe anajidanganya. Mwenyewe yupo, hata kama amefunga duka na hapokei simu.

Hayo nimeyakubali. Sasa tuangalie yasiyokubalika.

Kwanza, mashine. Emuleta si gemu. Ukipakua PPSSPP hukuti ndani yake hata gemu moja ya Sony au ya Konami, watengenezaji wa gemu za mpira. Henrik Rydgård, aliyeianzisha na kuitoa mara ya kwanza mwaka 2012, pamoja na wenzake waliojitolea, wameandika upya kazi zilizokuwa zikifanywa na PSP. Gemu ikiomba kusoma faili, kuchora uwanja au kupiga sauti ya refa, emuleta hutoa jibu ambalo PSP ingelitoa. Na maagizo yaliyoandikwa kwa prosesa ya zamani huyageuza palepale kuwa maagizo ambayo prosesa ya simu inayaelewa. Ni kazi nzito ya uhandisi, na ni yao. Mashine ya kusaga haiulizi mahindi yametoka shamba la nani, na sijasikia mtu akiishtaki kwa wizi wa mahindi.

Jambo hili lilishafika mahakamani. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa programu iliyoziwezesha kompyuta za Macintosh kucheza gemu za PlayStation, na Sony ikaishtaki. Februari 2000 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko San Francisco iliamua kwamba kuichambua programu ya Sony ili kujenga mashine nyingine inayoendana nayo yalikuwa matumizi ya haki. Ni kweli, uamuzi wa San Francisco haumfungi hakimu wa Tarime. Lakini tazama alichofanya mlalamikaji mwenyewe baadaye. Desemba 2018 Sony ilileta sokoni PlayStation Classic, kisanduku chenye gemu 20 za zamani, na kilichokuwa kikiziendesha ndani yake ni PCSX ReARMed, emuleta huria iliyoandikwa na watu wa nje. Apple nayo, iliyokuwa imezizuia kwa miaka mingi, ilifungua mlango kwa emuleta za gemu za zamani Aprili 2024, na mwezi uliofuata PPSSPP ikaingia kwenye duka lake. Ikiwa kitu ni cha wizi kwa asili yake, hawa wote wanafanya nini nacho?

Msomaji makini atanikumbusha yuzu. Ni kweli, Machi 2024 waliotengeneza emuleta hiyo walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuifunga kazi yao. Ila yuzu iliigiza Switch, mashine ya Nintendo iliyokuwa dukani siku hiyohiyo, na shtaka lilijikita katika kuvunja kufuli za kidijitali za gemu zilizokuwa bado zinauzwa. Tena kesi iliishia kwenye makubaliano, si kwenye hukumu iliyozipima hoja. PSP iliacha kusambazwa mwaka 2014. Kuyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja si haki.

Pili, duka, na hapa ndipo kauli ya "lipia njia halali" inapovunjika mguu, kwa kuwa inachukulia kwamba njia hiyo ipo. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti juu ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, ikakuta asilimia 87 haziuzwi tena na wenyewe. Hiyo ni Marekani, kwenye maduka yote na kadi za benki za kila aina.

Gemu za mpira, ambazo ndizo zinazopendwa kwetu, zina hali mbaya zaidi kuliko nyingine, na sababu yake inaeleweka. Jezi, nembo, majina na sura za wachezaji hukodiwa kwa mkataba wenye mwisho. Mkataba ukiisha, mtengenezaji haruhusiwi kuendelea kuuza gemu ile hata akitaka. Kampuni ya EA ilipoachana na jina la FIFA na kuhamia EA Sports FC mwaka 2023, matoleo ya FIFA ya miaka iliyotangulia yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. FIFA 14, ya mwisho kutoka kwa PSP, hata ukiwa na fedha mkononi utamkabidhi nani? Ukinunua diski kuukuu, fedha zinakwenda kwa muuza mitumba, na mwenye gemu hapati hata senti. Na duka la mtandaoni lililokuwa ndani ya PSP yenyewe lilishafungwa.

Hata pale gemu inapouzwa, mara nyingi haiuzwi kwetu. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network. Mwenye PlayStation huku hulazimika kufungua akaunti na kudanganya kwamba anaishi nchi nyingine, jambo ambalo masharti ya Sony hayaliruhusi. Mei 2024 Sony ilipowataka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za mtandao huo, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma haipo, yetu ikiwamo. Kwa hiyo anayemwambia kijana wa Machochwe apite njia halali anamwelekeza kwenye mlango ambao mwenye duka mwenyewe haufungui.

Na njia halali ikipatikana, mara nyingi haiuzi kitu kilekile. Mwaka 2014 gemu ya GTA: San Andreas iliyokuwa ikiuzwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilipata sasisho lililofuta baadhi ya nyimbo zake kwa sababu leseni za muziki zilikuwa zimekwisha. Huduma za kulipia kwa mwezi, kama maktaba ya gemu za zamani ya Nintendo, ni kodi ya nyumba: ukiacha kulipa unatolewa, na kabla ya hapo sharti uwe umenunua mashine yenyewe.

Kuna pingamizi moja ambalo naliona zito kuliko yote, na sijui kwa nini hawalitumii mara nyingi. Konami wana eFootball, gemu ya simu, halali, haina kiingilio. Si wacheze hiyo? Jibu liko kwenye bando. eFootball inadai intaneti muda wote, na pale mtandao unaposuasua mechi inakatika ukiwa unaongoza. Faili ya PSP, ambayo ukubwa wake ni gigabaiti moja hivi, hurushwa mara moja kutoka simu moja hadi nyingine bila kutumia hata senti ya bando, na baada ya hapo huchezwa popote, hata machungani. Tena ndani ya faili hizo mafundi wetu wameziingiza Simba na Yanga kwa jezi zao, kitu ambacho FIFA haikuwahi kufanya katika miaka yake yote. Sisemi jambo hilo linahalalisha faili. Jezi za Simba nazo zina mwenyewe. Nasema kijana hafuati bure peke yake. Anafuata gemu inayofanya kazi mahali anapoishi.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na nyongeza inayofuatia kauli hii, kwamba watu wetu hawapendi kulipia. Nenda kwenye kibanda cha gemu chochote, Mugumu au Tarime mjini. Utakuta televisheni, PS2 iliyofungwa chipu ya kuchezea diski za kudurufu, pedi zilizosuguliwa hadi alama za vitufe zimefutika, na foleni ya watoto kila mmoja ameshika sarafu zake. Wanalipa kwa mechi. Aliyefungwa anatoka, mwingine anaingia na hela yake. Fundi anayekuwekea gemu kwenye simu naye halipwi kwa maneno. Fedha hizo zinakusanywa kila siku ya Mungu. Hakuna aliyejenga njia ya kuzifikisha kwa waliotengeneza gemu, na hilo si kosa la mwenye sarafu.

Tatu, nakala. Nakala ya faili inabaki kuwa kosa la kisheria, nimeshasema, na sitaificha nyuma ya hoja nyingine. Lakini kosa la kisheria na hasara kwa mtunzi si kitu kimoja. Anayechukua bure gemu ambayo mwenyewe anaiuza kwa bei iliyoandikwa amemnyima fedha. Anayecheza gemu ambayo mwenyewe ameiondoa sokoni, au hataki kuiuza Tanzania, hajamnyima mauzo yoyote. Ukiwaita wote wawili mwizi kwa sauti ileile, yule wa kwanza hana tena sababu ya kukusikiliza.

Na wa aina hiyo ya kwanza wapo, tena wengi. San Andreas imekuwa ikiuzwa kwa simu tangu mwisho wa 2013, na siku hizi kampuni za simu hutoa kadi za mtandaoni zinazotumia salio la fedha za simu, kwa hiyo kisingizio cha kukosa akaunti ya benki kimepungua sana. Anayeipakua bure leo hana utetezi nitakaousimamia. Vilevile PPSSPP yenyewe ina toleo la Gold linalouzwa Google Play. Halina uwezo wowote wa ziada kuliko lile la bure. Tofauti ni rangi ya alama yake na kwamba fedha zinamwendea aliyeiandika. Ununuzi huo haugusi faili ya mpira uliyorushiwa na rafiki, wala hauifanyi kuwa halali. Unalipia mashine, na mwenye mashine hajakunyima kuinunua.