Ndoo za walimu siyo elimu ya kujitegemea

Kitambo sijaandika, nilikuwa fildi, nafundisha kwenye kashule kadogo ka parokia.

Jumamosi moja wanafunzi walimpelekea kuni bibi mmoja mgonjwa, wakafagia na uwanja wake. Nyumba walichagua wenyewe, zamu wakapangiana wenyewe. Walirudi wanaimba. Safi sana!

Ila katikati ya wiki naingia kipindi cha hesabu, nusu ya darasa haipo. Wako wapi? Wanachota maji ya nyumba za walimu. Kuuliza, najibiwa: "Ticha, hiyo si ndiyo elimu ya kujitegemea?"

Jamani! Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba, wanafunzi washiriki kuamua mipango yake na waone faida ya jasho lao. Hakuandika kwamba mtoto akose hesabu ili mimi nioge.

Tuache kujificha nyuma ya jina la Mwalimu. Kazi za kijamii zipangwe na wanafunzi, nje ya vipindi. Maji yetu tuchote wenyewe. Mimi ndoo yangu nilishanunua.

Nawasilisha.