Kuchelewa Kutatu Kunakoua Mama Zetu

 



Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo katika nyumba zetu hutajwa kwa sauti ya chini, nalo ni kifo cha mama katika uzazi. Kila linapotokea, sisi watu wa pwani tunayo maneno yaliyo tayari. Tunasema siku yake imefika. Tunasema mwenye kufa na uzazi ana daraja ya shahidi. Tunasoma hitima, mtoto tunamkabidhi mama yake mdogo, na mambo yanakwisha. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuna nia ya kuyapunguza. Lakini maneno ya kumliwaza mfiwa si jawabu la swali la nani alikuwa na wajibu na hakuutimiza. Daraja ya aliyekufa ni yake mbele ya Mola wake. Haimfutii deni aliye hai aliyezembea.

Tuanze na hesabu. Sensa ya nchi yetu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, mama 355 hufariki kwa sababu za ujauzito na uzazi. Maana yake ni karibu mama mmoja katika kila vizazi 280. Katika nchi nyingi za Ulaya ya magharibi idadi hiyo haifiki 10. Je, Mwenyezi Mungu amewaandikia mama wa Kiafrika kadari nzito kuliko mama wa Sweden? Haiwezekani kumdhania Mola wetu hivyo. Tofauti iko katika barabara, katika damu iliyohifadhiwa, katika mkunga aliye macho usiku, na katika chakula alichokula binti tangu utotoni. Mambo hayo yote yamewekwa katika mikono ya watu.

Kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, mnakijua. Alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliwashauri sahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu, na akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na moja kame. Kadari, basi, haimwondolei mchungaji kazi ya kuchagua upande wa kulisha wanyama wake. Na mama wa Kiislamu ana haki kubwa zaidi ya kuchaguliwa upande wenye uhai.

Mwaka 2008 tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, chini ya uenyekiti wa Profesa Michael Marmot wa Uingereza, ilitoa ripoti iliyosema kuwa afya ya watu hujengwa kwanza na mazingira wanamozaliwa, wanamokulia, wanamoishi na wanamofanyia kazi, kabla hata hawajafika mbele ya daktari. Wazee wetu waliyajua haya kwa lugha yao. Inasimuliwa kuwa tabibu Abubakar Al-Razi alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali mjini Baghdad, alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za mji, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Mahali ni sehemu ya tiba.

Sasa tuyatazame yanayotokea kwetu. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuwa mama mwenye matatizo ya uzazi huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tukizipima nyumba zetu kwa mizani hii tutajiona.

Kuchelewa kwa kwanza kumo ndani ya nyumba. Mama ameanza kutokwa na damu, au kichwa kinamuuma sana, macho yanaona kiwi, uso na mikono imevimba. Hizo ni alama za hatari, na za mwisho huenda zikawa ni kifafa cha mimba kinakuja. Lakini mume yuko baharini, au yuko Saudia kwa kazi, na simu yake haipatikani. Mavyaa anasema yeye alizaa tisa hapa hapa kitandani. Shangazi anasema tungoje mpaka asubuhi. Mwenyewe anayeumwa haulizwi. Ndugu zetu, damu inayotoka baada ya kuzaa inaweza kumuua mwanamke mwenye afya yake kwa muda wa saa mbili. Asubuhi iko mbali sana.

Tunasema wazi, na tunasema kwa misingi ya dini: mume ana heshima yake na ruhusa yake, lakini ruhusa ya kuokoa roho haingojwi. Sharia yetu imejengwa juu ya kuhifadhi mambo matano, na nafsi ni katika hayo. Mume mwenye kumcha Mungu huitoa ruhusa hiyo mapema, mbele ya mama yake na mbele ya wakwe zake, kabla hajapanda chombo au ndege. Na wale wanaochelea kuonwa na daktari mwanamume, kumtaka daktari mwanamke ni haki yao na ni vizuri ihimizwe. Lakini anapokosekana, dharura huhalalisha lililozuiwa kwa kadiri ya dharura yenyewe. Kumwacha mama afe kwa jina la sitara ni kuichafua sitara.

Kuchelewa kwa pili kuko njiani. Mwenye kukaa Mombasa mjini akiita tuktuk usiku hupata. Aliye ndani ya Kwale au Kilifi hutegemea pikipiki katika njia ya mchanga, naye ana uchungu. Na ndugu zetu wa visiwa vya Lamu, wa Faza, Kizingitini na Siyu, wao hutegemea bahari. Maji yakipwa, boti haliondoki. Majira ya kusi yakichafuka, nahodha mwenye akili hafungui kamba. Uchungu wa uzazi hautazami jedwali la maji. Kwa hiyo mwenye kupanga huduma za visiwani kwa kutumia ramani peke yake, akahesabu maili bila ya kuhesabu maji kupwa na kujaa, amepanga kwa ajili ya watu wasiokuwapo. Njia moja inayojulikana duniani ni nyumba ya kungojea karibu na hospitali, ambamo mama aliye mbali au mwenye mimba ya hatari hukaa siku chache kabla ya kujifungua. Hiyo si gharama kubwa. Ni vyumba, vitanda, jiko na mwangalizi.

Kuchelewa kwa tatu kuko mlangoni mwa hospitali na ndani yake. Zahanati nyingi hufungwa jioni, na watoto hawazaliwi kwa saa za ofisi. Mahali pengine mkunga yupo lakini maji hayapo. Taa ipo lakini umeme haupo. Gari la wagonjwa lipo lakini mafuta hayapo. Pengine kila kitu kipo ila damu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya bora inayowezekana, na ikasema pia kwamba asinyimwe mtu yeyote matibabu ya dharura. Haki hii isiwe hirizi ya kufungwa kifuani. Tuijue, na tuitaje tukiwa mlangoni.

Nyuma ya kuchelewa huku kutatu kuna mambo yaliyoanza zamani. Binti asiyekula vya kutosha na aliyeugua malaria mara kwa mara huja kubeba mimba akiwa na upungufu wa damu. Na mwenye damu kidogo, damu ndogo ikimtoka humaliza yote. Binti aliyeozwa au aliyebeba mimba kabla mwili wake haujakomaa yuko hatarini zaidi kuliko dada yake mkubwa. Mama anayezaa mfululizo bila ya kupumzika vilevile. Wataalamu wanashauri ipite miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine, na sisi tuliosomeshwa Qur'ani tunajua kwamba Mola wetu ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Na kuna dogo lililo jikoni: chai tunayoinywa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula hicho. Mjamzito aichelewese chai yake saa moja au mbili, amezee vidonge vyake vya chuma kwa maji, na akipata ndimu au chungwa, ni bora zaidi.

Huenda msomaji akauliza: hayo ya barabara, damu na mafuta ya gari, sisi wake za watu na walimu wa madrasa tunayawezea wapi? Jawabu letu ni neno mnalolijua tangu chuoni: fardhi kifaya. Imam Ghazali aliuhesabu utabibu katika fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika elimu moja na kuiacha miji yao bila ya tabibu Muislamu. Fardhi kifaya wakiitimiza baadhi, wengine wamesalimika. Wakiiacha wote, wote wana dhambi. Maiti asiyezikwa ni aibu ya mji mzima. Vipi basi mzazi asiyeokolewa?

Huduma za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti tangu 2013, na mipango ya kaunti ina tarehe zake kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katika safari hiyo, sheria inalazimisha wananchi wasikilizwe. Tumeziona kumbi za wadi katika mikutano hiyo: wazee wa kiume mstari wa mbele, vijana nyuma, na wanawake wachache mlangoni, kwa kuwa mkutano umewekwa saa ya kupika. Matokeo yake, anayeomba taa ya mtaani na uwanja wa mpira hupewa, na asiyekuwapo hapewi.

Basi kina mama wa vyama na wa darsa, nendeni. Nendeni kumi kwa pamoja, na mmoja aseme kwa niaba ya wote. Msiombe "hospitali nzuri". Ombeni kitu kinachohesabika. Mkunga wa usiku katika zahanati yetu. Tangi la maji. Mafuta ya gari la wagonjwa yaliyotengewa fungu lake. Boti la dharura na nahodha anayelipwa. Nyumba ya kungojea. Kisha mwaka unaofuata rudini muulize: mliandika, mmefanya? Hilo si siasa. Ni kufuatilia amana.

Na misikiti yetu nayo ina kazi. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, na asiyekuwa na ajira rasmi hupimwa uwezo wake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka mzima. Hizo ni shilingi 3,600 kwa mwaka, na mke wa mvuvi hana. Fukara na masikini ni wa mwanzo katika mafungu manane ya zaka. Kamati ya msikiti ikiwajua wajawazito masikini wa mtaa wake na kuwapa kiasi hicho wajilipie, itakuwa imeiweka zaka mahali pake. Na tukitoa damu mara moja kwa kila miezi michache, kama tunavyotoa sadaka ya futari, benki ya damu haitakauka.

Lililobaki ni la kila nyumba, na halihitaji waziri. Mimba ikijulikana, aende kliniki kabla ya wiki ya 12. Ikifika miezi saba, mkae kitako, mume, mke, mavyaa na mama mzazi, mkubaliane mambo matano: atajifungulia wapi, nani ana gari au boti na nambari yake, nauli iko kwa nani, nani atatoa damu, na nani ataamua mume asipopatikana. Yaandikeni katika kitabu cha kliniki. Mhudumu wa afya ya jamii akipita mlangoni, mkaribisheni, mwonyesheni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika uzazi, awakubalie shahada yao, na asitufanye sisi kuwa sababu ya kuongeza idadi yao. Amin.