Programu Nzito Huchimba Mashimo

Sisi waundaji programu tuna mazoea ya kuongea kana kwamba kazi yetu haina uzito. Data iko "winguni", programu iko "hewani". Msomaji, hakuna wingu. Kuna mawe. Kila mstari wa msimbo ninaoandika hapa Nairobi unaishia kufanya kazi juu ya mawe yaliyochimbwa, yakasagwa, yakayeyushwa.

Chukua hiyo simu yako ya rununu. Chipu zake ni silikoni. Nyaya zake ni shaba, viungo vimeshikanishwa kwa bati, na dhahabu kidogo imepakwa pale isipotakiwa kutu. Betri ina lithiamu, na mara nyingi kobalti pia. Halafu kuna vijipande vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo huhifadhi chaji kidogo ili umeme utiririke bila kurukaruka. Baadhi hutengenezwa kwa tantali, na tantali hutokana na madini ya koltani.

Koltani inatoka wapi? Nyingi ni ya hapa jirani, mashariki mwa Kongo. Machimbo ya Rubaya peke yake, huko Masisi, Kivu Kaskazini, yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Watu huchimba kwa sepetu na kubeba magunia mgongoni. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka huo kwamba ushuru wa madini ulikuwa unawaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi. Kobalti nayo, zaidi ya nusu ya ile ya dunia huchimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Na wachimbaji hawa si watu wa mbali. Wengi wao wanaongea Kiswahili, lugha hii hii unayoisoma.

Sasa kuna wanaosema: basi tususie madini ya Kongo. Jambo la namna hiyo lilishajaribiwa. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka kwenye vita. Septemba mwaka huo huo Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Waliokuwa wakilisha familia kwa sepetu walibaki mikono mitupu, na vita havikuisha. Kususia ni rahisi kwa anayekaa mbali na shimo.

Maoni yangu ni mengine. Tusitupe kifaa kizima kilichomgharimu mtu jasho kiasi hicho. Na hapa lawama inatuangukia sisi wenye kuandika programu.

Fikiria kwa nini simu "inazeeka". Kapasita ya tantali haijachoka, shaba haijaisha, chipu inahesabu kwa kasi ile ile ya siku ya kwanza. Betri ndiyo huchakaa, lakini fundi wa Luthuli Avenue anaweza kukuwekea nyingine. Kinachoiua simu mara nyingi ni programu iliyonenepa. Ile iliyotosha kwenye megabaiti chache sasa inakula mamia, na bado inafanya kazi ile ile ya kutuma ujumbe na pesa.

Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi ambazo bado ni nzima. Sisi tunaonunua kompyuta za mitumba tunajua maana yake. Mimi ningekushauri uiwekee Linux kabla ya kuitupa.

Maana zikitupwa haziendi mbali. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tantali hasa ni ngumu kuirudisha, kwa kuwa imetawanyika katika vijipande vidogo mno. Ikiingia jaani, imekwenda.

Utaniuliza: tukinunua simu chache, mchimbaji wa Rubaya atakula nini? Swali la haki. Lakini madini haya yataendelea kutakiwa, kwani magari ya umeme pekee yanahitaji betri nyingi. Mchimbaji anahitaji usalama na bei nzuri kwa jiwe lake. Uzembe wetu haumpi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo, ndugu waundaji programu: jaribuni kazi zenu kwenye simu ya bei nafuu yenye gigabaiti 1 au 2 za kumbukumbu, si kwenye ile mpya iliyo mfukoni mwenu. Msiache kuhudumia Android ya zamani kwa uvivu tu. Sababu za usalama naelewa, uvivu sielewi. Msibebe maktaba nzima ya msimbo kwa ajili ya kitufe kimoja.

Na wewe mtumiaji, programu ikikwambia simu yako imepitwa na wakati, kwanza uliza ni nani hasa aliyechoka: simu, au aliyeandika programu?